Paka Watano Mlangoni kwa Bi Zuhura

Paka akiugua hutafuta giza. Hataki kubembelezwa, hataki maziwa, hataki kuitwa jina. Anaingia chini ya kitanda, nyuma ya magunia, ndani ya jiko lililopoa, na huko anakaa macho wazi. Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutibu mbwa na paka hapa mjini, lishikeni hilo kwanza. Mkiitwa mahali mkaambiwa paka wote wa nyumba wamekusanyika kwenye mlango mmoja, msiulize anayekaa humo ni nani. Ulizeni humo ndani kukoje.

Mimi nilijifunza hilo kwa kuchelewa, na aliyeumia kwa kuchelewa kwangu ni mtu mwingine. Nitafika huko.

Sikusomea udaktari. Nilianza kwa kuchochea dawa kwenye josho la ng'ombe magharibi ya Mlima Meru, nikaacha kazi nina miaka hamsini na sita, nyonga ikiwa imechoka. Niliyoyajua katikati ya hapo niliyatoa kwenye vitabu vya mitumba, kwenye karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, na kwa Mzee Elirehema, daktari wa mifugo mstaafu anayeishi Makumira, ambaye hadi leo hapokei simu kabla hajamaliza chai. Mjini watu waliniita daktari kwa sababu nilibeba mkoba. Niliwasahihisha kama mwaka mmoja, kisha nikachoka. Nyinyi msichoke.

Mzee Elirehema alinifundisha kutazama fizi kabla ya kitu kingine chochote. Inua mdomo wa mnyama, bonyeza ufizi kwa kidole, achia, uone rangi inavyorudi. Fizi nyeupe, fikiria minyoo au homa ya kupe. Fizi za njano, fikiria ini. Mara moja tu nilikuta paka mwenye fizi za kahawia, rangi ya chai iliyokaa. Alikuwa anahema kama aliyetoka mbioni, naye alikuwa amelala tangu asubuhi. Mwenye paka aliapa kwamba hajampa kitu. Nilipouliza mara ya tatu akasema, "Nusu kidonge tu, daktari. Parasetamoli. Nilimwona ana homa." Nusu kidonge kinachomtuliza mtoto wako kinageuza damu ya paka. Hakuchukua muda, akafa.

Ndiyo sababu Mzee alikuwa na maswali matatu, na hakumgusa mnyama yeyote kabla hajayauliza. Ameanza lini? Amekula nini? Mmempa nini? Alisema la tatu liulizwe mwisho, halafu liulizwe tena, kwa sababu watu hukumbuka kila kitu isipokuwa walichofanya wao wenyewe.

Jambo jingine dogo ambalo si dogo. Mbwa akibadilika sauti, akawa anabweka kama mtu aliyekabwa, taya limeshuka, mate yanatiririka, watakuambia amekwamwa na mfupa. Atakutazama kwa upole kabisa. Usitie mkono mdomoni. Huo upole ndio unaotisha; kichaa cha mbwa huja hivyo pia. Mfungie mahali, mwite daktari mwenye leseni, na yeyote aliyekwisha kuguswa na mate yale aoshe kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nicheke kidogo kabla ya yanayofuata. Kule Olasiti niliitwa kwa mbwa mwenye ukurutu. Nikamkuta mnyama mweusi anayeng'aa amesimama katikati ya uwanja, hataki kulala, maana kila alipolala alinata. Mwenyewe, fundi magari, alikuwa amempaka oili chafu kutoka masikioni hadi mkiani.

"Inaua wadudu, dokta. Huku wote tunapaka hiyo."

"Wewe ukitoka upele utajipaka?"

"Mimi si gari."

"Na mbwa?"

Akamtazama mbwa wake, akafikiri. "Huyu ametembea sana," akasema.

Tulimwosha siku mbili. Mbwa hujilamba, na oili ikifika tumboni na mapafuni haina mzaha. Akapona, baadaye ukurutu ukatibiwa kwa dawa yake. Mimi niliondoka pale nikijisifu kimoyomoyo. Nilijiambia kwamba tofauti yangu na yule fundi ni kwamba mimi ninapima.

Watu ninaowaeleza kuanzia hapa nimewabadilisha majina, na nyumba sitasema iko upande gani wa Kaloleni. Mwenye nyumba nitamwita Mama Shufaa. Vyumba vinane vinatazamana uani, wapangaji wa huku na wa pwani, na paka wake watano ambao aliwapenda kuliko baadhi ya wapangaji. Msimu ule viroboto walizidi hadi watu walikaa wamepandisha miguu juu ya viti.

Nilikwenda Jumatatu na chupa ya dawa ya mgongoni. Wenye ng'ombe mnaijua: unamwaga mstari mmoja kutoka mabegani hadi mkiani, kupe wanaanguka wenyewe. Kwetu kila boma lina chupa hiyo, na kila boma hubakiza matone machache ya kumpaka mbwa. Mbwa nilikuwa nimewapaka miaka mingi bila kuona madhara. Paka nilimhesabu kama mbwa mdogo. Nikamtia kila mmoja kikapuni, nikamning'iniza kwenye mizani, nikapiga hesabu kwenye daftari, nikavuta dawa kwa bomba la sindano jembamba kabisa. Mama Shufaa akawaambia wapangaji, "Tazameni mtu anavyofanya kazi."

Kulikuwa na paka wa sita, Kidoti. Huyu alikuwa wa Bi Zuhura, mjane kutoka Pangani aliyepanga chumba cha mwisho, kile kisicho na dirisha. Mchana alishona kofia kizingitini. Hakuwa na redio wala televisheni. Nilipomkaribia akamfunika paka kwa kanga.

"Shikamoo, mama. Na huyo tumpake?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu simpaki. Namchana kwa chanuo la meno membamba kila asubuhi, viroboto nawazamisha kwenye maji ya sabuni."

"Hiyo itakuchukua mwaka."

"Kwani naenda wapi?"

Uani wote wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia. Mama Shufaa hakunisalimia. "Daktari, njoo. Paka wangu wameingiliwa na kitu."

Nilikuta paka mmoja amekwisha kufa, amelazwa juu ya gunia. Uani palikuwa kimya kama kwenye msiba, wapangaji wamejipanga ukutani. Juma, fundi simu wa chumba cha mbele, ndiye aliyenieleza.

"Jana jioni walikuwa sawa, dokta. Leo wakaanza kutingisha masikio. Hivi, hivi." Akaonyesha kwa vidole viwili. "Kama kuna mtu anawaita kwa sauti ambayo sisi hatuisikii. Halafu wakaanza kwenda. Mmoja mmoja. Wote kwa yule bibi. Huyu alifia mlangoni pake."

Alipokuwa bado anasema, paka wa rangi ya majivu akatoka jikoni. Aliinua kila mguu juu na kuukung'uta, kana kwamba amekanyaga maji, na sakafu ilikuwa kavu. Akaanguka ubavu. Akainuka. Akapita milango iliyo wazi, akapita sahani ya dagaa, akapita kati ya miguu yangu bila kunitazama, akaingia mlango wa mwisho. Mwanamke mmoja ukutani alianza kusoma dua.

Niliuliza maswali yangu matatu kwa mpangilio wake. Nilipofika la mwisho, Mama Shufaa alijibu haraka.

"Hatujawapa kitu. Tangu wewe ulipowashika jana hakuna aliyewagusa."

Nikaandika kwenye daftari: *Hawajapewa kitu.* Daftari hilo ninalo bado. Mwandiko ni mzuri.

Chumbani kwa Bi Zuhura kulikuwa na giza la saa sita mchana, lile linalokupofusha ukitoka juani. Yeye alikuwa ameketi juu ya mkeka, mikono mapajani, hathubutu kugusa chochote. Chini ya kitanda kulikuwa na macho ya paka wanne, meusi, yamefunguka hadi mwisho. Nikapiga magoti. Nje Juma akaangusha bisibisi kwenye sementi. Paka wote wanne wakaruka kwa pamoja, mara moja, kama waliofungwa kwenye kamba moja na mtu akaivuta. Kisha wakatulia. Pikipiki ikapita barabarani. Wakaruka tena, pamoja.

Nimepasua matumbo ya ng'ombe waliokwisha kufa siku tatu. Sikuwahi kuogopa mnyama hai kama nilivyowaogopa wale paka.

Ndipo azana ya adhuhuri ikaanza kwenye kipaza sauti cha msikiti wa jirani. Paka wakakunja migongo, wakatetemeka meno yakigongana, na hawakuacha hadi muadhini alipomaliza. Mama Shufaa alikuwa mlangoni. Aliona yote.

"Mmeona?" akasema bila kupaza sauti. "Hawawezi kuvumilia azana. Na paka wake je? Yuko wapi paka wake?"

Nikatoka. Uani kila mtu alikuwa anatazama juu. Kidoti alikuwa amekaa kwenye bati, juani, akijilamba mguu. Mzima kabisa.

"Bi Zuhura, nimekuheshimu miaka yote hii," Mama Shufaa akasema. "Ijumaa nisikukute."

"Azana hiyo hiyo na mimi nimeisikia, Mama Shufaa. Udhu ninao. Niambie nisimame wapi nisali, na paka wako wamejaa chumbani kwangu."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa dua akanong'ona jambo kuhusu Pangani na wanachofundishwa watu wa huko. Juma akasema, nusu kwa mzaha, "Wengine wakisikia mtaani hawatangoja Ijumaa."

Nilitoka hadi uchochoroni nikampigia Mzee Elirehema. Siku hiyo alipokea.

"Paka wanatetemeka, Mzee. Masikio, miguu. Sauti yoyote inawashtua."

"Umewapaka nini?"

Hakuuliza wamepewa nini. Ananijua.

"Dawa ya mgongoni. Kwa ajili ya viroboto."

"Ya ng'ombe."

"Nilipima, Mzee. Nilipima kwa uzito wa kila mmoja."

Nikasikia akiweka kikombe chini. "Basi umepima sumu vizuri. Waoshe sasa hivi. Halafu waambie wenye paka."

"Niwaambie nini?"

"Ulichoniambia mimi."

Andikeni haya. Dawa nyingi za aina ile zimetengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye ua la pareto. Ini la ng'ombe huivunja, la mbwa pia. La paka haliwezi kuivunja upesi. Inabaki mwilini, mishipa ya fahamu inakosa kupumzika, na kila sauti inakuwa kipigo. Paka wa namna hiyo atatambaa hadi mahali penye giza na ukimya zaidi katika nyumba. Nyumba ile ilikuwa na redio saba na fundi simu mmoja, na chumba kimoja tu kisicho na dirisha wala kelele. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wanatukimbia sisi. Kipaza sauti kiliwaumiza kwa sababu kilikuwa na nguvu kuliko pikipiki. Kidoti alikuwa mzima kwa sababu alifunikwa kanga. Mambo matatu yaliyomhukumu Bi Zuhura yalikuwa na jibu moja, na jibu lilikuwa kwenye mkoba wangu.

Nilirudi chumbani nikaomba maji na beseni. Hakuna mpangaji aliyekubali kuwashika paka. Bi Zuhura alipandisha mikono ya gauni lake, akachuchumaa. Tuliwaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo. Maji ya moto yanaharakisha sumu kuingia, ya baridi yanamzidishia paka mtetemeko. Mara mbili, tatu, hadi manyoya yaache kuteleza. Kisha taulo kavu, sanduku, giza, mlango umefungwa. Usimpe maziwa, usimlazimishe kutapika. Dawa ya kutuliza degedege nilikuwa nayo. Mzee alinipa kipimo kwa simu na akanitaka nikirudie kukitamka mara mbili. Hata hivyo mmoja alikufia mikononi mwa Bi Zuhura, na kwa muda alibaki amemshika vilevile, maji yakichuruzika kwenye viwiko vyake.

Tulipokuwa tunamsuuza wa mwisho, akainama juu ya beseni.

"Harufu hii iko migongoni mwao," akasema polepole. "Na iko mkononi mwako."

Hakunitazama. Akaendelea kumimina maji.

Nilipotoka walikuwa wananingoja.

"Haya, daktari," Mama Shufaa akasema. "Ni nini?"

"Ni sumu."

Neno lilikuwa la kweli. Lakini nililiacha likasimama peke yake, na nikaona macho yote yakihama kutoka kwangu hadi kwa mwanamke aliyesimama nyuma yangu na taulo lililolowa. Yeye alinitazama mimi tu.

"Nani kawapa?"

Sentensi nzima ilikuwa mdomoni. Nikamwona Juma, nikamwona Mama Shufaa aliyekuwa amenisifia mtaa mzima, nikasema, "Nihakikishe kwanza. Kesho nitawajulisha." Nilisema hivyo kwa sauti ya kitaalamu. Mtu mwenye mpangilio anaweza kuugeuza mpangilio wake kuwa mahali pa kujificha, na hakuna atakayemshuku, hata yeye mwenyewe.

Nyumbani nilichukua kioo cha kukuzia nikasoma lebo, ingawa sikuwa na shaka tena. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Ng'ombe walitajwa, na mbuzi. Paka hawakutajwa popote. Nilikuwa nimechukua kutotajwa kwao kuwa ruhusa.

Jumatano asubuhi nilirudi nimeshika chupa mkononi ili kila mtu aione. Chumba cha mwisho kilikuwa wazi, kimefagiliwa, na sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya kitanda. Aliondoka baada ya sala ya alfajiri, walisema, na mkokoteni. Paka watatu walikuwa hai ndani ya sanduku, wameinua vichwa.

Niliwaita wote uani. Niliweka chupa juu ya sementi nikaeleza kila kitu: ini, sauti, giza, kanga. Nilisema, "Ni mimi niliyewaua." Nilirudia. Walinisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza, Mama Shufaa alinitazama kwa huruma ambayo bado naiona.

"Pole, daktari," akasema. "Pole sana. Kumbe amekuchezea hata wewe."

"Mama, nasema ni kosa langu."

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Ulishawahi kukosea hivi?"

"Hapana."

"Sasa jiulize kwa nini ukosee hapa."

Juma akatikisa kichwa kukubali. Mwanamke wa dua akasogea mbali na chupa. Nilieleza tena, kwa mpangilio bora zaidi, na kila nilivyoeleza nilizidi kuonekana kama mgonjwa.

Vijana, mtakosea. Mkikosea, semeni saa hiyo hiyo, hata kama hamjamaliza kuhakikisha. Jumanne ukweli wangu ungekuwa habari. Jumatano watu walikuwa na maelezo yao tayari, na ukweli uliingia humo ndani ukawa ushahidi.

Zilipita wiki kadhaa kabla sijampata. Muuza kofia mmoja alinielekeza: chumba Olasiti, nyumba ya wapangaji, mlango wa bluu. Alikuwa kizingitini anashona, Kidoti ubavuni. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda.

"Nimewaambia, mama. Kesho yake nilirudi nikawaambia wote."

"Habari ilinifikia. Wanasema nimekuroga na wewe." Alicheka bila kutoa sauti. "Uliposema sumu, nilingoja neno linalofuata. Nikangoja mpaka Isha. Halafu nikaanza kufunga vyombo."

Nikavuta pumzi kumwomba radhi. Akainua sindano kunizuia.

"Taratibu. Hapa hawajui. Ukiniomba radhi kwa sauti wataniuliza radhi ya nini, na ukiwaeleza wataelewa kama walivyoelewa wale."

Akanisogezea paka. Nikashika mguu wake wa mbele, nikauinamia kana kwamba natafuta mwiba, na hapo, nikitazama unyayo wa mnyama asiye na tatizo lolote, nikamwomba radhi kwa kunong'ona. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akageuka.

"Paka anaumwa, Bi Zuhura?"

"Hapana," akasema, huku akivuta uzi. "Mzima kabisa."